Mtoto Hapati Usingizi Tangu Magharibi Hadi Usiku wa Manane: Je, Maziwa Yangu Hayatoshi?

SWALI

Assalaam aleikum, Mama Mshauri. Naandika barua hii nikiwa ndani ya arubaini yangu, mtoto akiwa na wiki 3 na nusu hivi, na naomba uniwie radhi ikiwa maelezo yangu yatarukaruka, kwa kuwa nimeyaandika vipande vipande, kila anapopata usingizi. Ni mwanangu wa kwanza, wa kike. Alizaliwa kwa njia ya kawaida, miezi yake ikiwa imetimia, na uzito wake ulikuwa kilo 3.1. Tulipompeleka kliniki akiwa na siku 12 alipimwa akawa kilo 3.25, na muuguzi akatuambia kuwa yuko sawa, lakini wakati huo hakuwa akilia kama anavyolia sasa.

Shida yangu ni hii. Mchana mtoto hunyonya, hulala, huamka na kunyonya tena bila tatizo kubwa. Ikiadhiniwa Magharibi tu, mambo hubadilika. Hunyonya dakika chache akaachia, akalia, akataka tena, akaachia, akakunja miguu na uso ukamwiva, na hali huendelea hivyo mpaka saa 5 au saa 6 za usiku, ndipo huchoka akalala. Matiti yangu, ambayo wiki ya kwanza yalijaa hadi yakaniuma, sasa ni laini, na jioni nayaona kama hayana kitu. Chuchu ya titi la kushoto imepasuka, na kila mtoto anaposhika natamani kupiga kelele.

Naishi nyumbani kwa mavyaa wangu, hapa Mkomani. Simlaumu, kwa sababu amenihudumia kwa kila hali: ndiye aliyeniitia mkandaji, ndiye anipikiaye uji wa pilipili manga na kunipa uwatu ili maziwa yaongezeke, na amelea watoto wake sita. Lakini ameshakata shauri kuwa maziwa yangu ni mepesi na hayamshibishi mtoto. Siku ya tatu baada ya kujifungua alimpa maji ya sukari kwa kijiko, nami sikuthubutu kusema neno. Sasa asema kuwa mtoto anahara, kwa kuwa choo chake ni cha manjano na cha majimaji, na kwamba analia kwa sababu ya chango. Jirani yetu amemfunga mtoto mvuje, ule utomvu wenye harufu kali, mkononi, na mwingine ametushauri tumlambishe asali. Wiki iliyopita mume wangu alipita kwenye duka la dawa, akarudi na chupa ya dawa ya tumbo na mkebe wa maziwa ya unga ambao bei yake ilinishtua. Mkebe huo uko juu ya kabati, haujafunguliwa, na kila jioni mtoto anapolia mavyaa huutazama, kisha akanitazama mimi.

Mume wangu ni nahodha wa mashua ya abiria baina ya Lamu na Mokowe, na kwa kuwa hutoka alfajiri amehamia chumba kingine apate usingizi. Nikimweleza hunijibu, "Fanya asemavyo mama." Kazi za nyumba sijaanza, ila kufua nafua: kwa siku moja naanika nepi nane au tisa zilizoloa mkojo, mbali na zile za choo, na kamba ya uani haitoshi. Juzi alasiri nilijikuta nalia pamoja na mtoto bila sababu niwezayo kuieleza.

Naomba unijibu. Je, maziwa yangu hayatoshi? Nifungue mkebe? Nifanye nini ili mtoto atulie jioni? Na nitasema vipi na mavyaa bila kumvunjia heshima?

Mzazi mpya, Mkomani, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama; Mwenyezi Mungu akukuzie binti yako. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa sababu mengine yote yanalitegemea, na jibu lake umeshaliandika mwenyewe pale ulipokuwa ukilalamikia kazi ya kufua. Mtoto aliyepita siku 5 tangu kuzaliwa, asiyepewa kitu ila titi, akilowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake ukiwa mweupe usio na rangi kali, huyo anapata maziwa ya kutosha, kwa kuwa kisichoingia hakiwezi kutoka. Wako analowesha nane au tisa. Choo cha manjano, cha majimaji, pengine chenye punje ndogo ndogo ndani yake, ndicho choo cha kawaida cha mtoto anyonyaye. Kuhara ni pale choo kinapobadilika ghafla kikawa maji matupu na cha mara nyingi kuliko desturi yake, au kikawa na damu, na wewe hukutaja lolote kati ya hayo.

Ushahidi wa pili ni uzito. Watoto wachanga karibu wote hupungua siku za mwanzo, pengine asilimia 7 na hata kukaribia 10 ya uzito waliozaliwa nao, na hutarajiwa kuurudia kufikia wiki ya 2. Binti yako katika siku ya 12 alikuwa ameshaurudia na kuupita kwa gramu 150. Kuanzia hapo, mtoto wa umri wake kwa kawaida huongeza gramu 20 hadi 30 kila siku, kwa hivyo sasa natarajia awe kwenye kilo 3.5 au zaidi kidogo. Mpeleke apimwe wiki hii, usingoje siku ya chanjo za wiki 6. Apimwe akiwa hana nguo, kwenye mizani ile ile ikiwezekana, na uzito uandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto. Mwende pamoja na mavyaa, aione mizani kwa macho yake, kwa kuwa mizani haina upande katika ugomvi wa wakwe. Ikiwa hakuongezeka kama nilivyotaja, jambo la kwanza ni muuguzi akutazame unavyomnyonyesha kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndipo mengine yazungumzwe.

Sasa kuhusu kilio cha jioni. Watoto wengi wenye afya njema huanza kulia zaidi kufikia wiki ya 2, kilio kikazidi hadi kufikia kilele chake karibu na wiki ya 6, kisha kikapungua polepole, na mwezi wa 3 au wa 4 huwa kimekwisha au kimebaki kidogo. Wakati wake mkubwa ni jioni na mwanzo wa usiku. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake waliweka kipimo ambacho madaktari wangali wakikitaja hadi leo: mtoto mzima asiye na maradhi, aliaye zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Hilo ndilo jambo ambalo wazee wetu wa pwani huliita chango, na hawakosei kusema kuwa lipo. Wanapokosea ni pale wanapodhani kuwa limetokana na maziwa ya mama. Watoto wanaolishwa maziwa ya mkebe hulia vivyo hivyo, saa zile zile na wiki zile zile, kwa hivyo yeyote atakayekuahidi kuwa kufungua mkebe kutakununulia utulivu wa jioni anakuahidi asichoweza kukupa.

Ulaini wa matiti pia usikutishe. Ule mjao wa wiki ya kwanza haukuwa maziwa peke yake, bali ulichanganyika na damu na majimaji yaliyozidi kwenye titi linaloanza kazi, na kufikia wiki ya 3 au ya 4 uvimbe huo hutulia bila maziwa kupungua. Titi hutengeneza maziwa muda wote, na hutengeneza kwa haraka zaidi linapokuwa limenyonywa likabaki na machache kuliko linapokuwa limejaa. Kunyonya kwingi kwa jioni, ambako wewe umekuona kuwa dalili ya upungufu, ndiko kunakoupa mwili wako habari kuwa mtoto anakua na anahitaji zaidi. Mtoto wa umri huu hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na hakuna sheria inayosema kuwa mara hizo zigawanywe sawasawa. Wengi huzirundika nusu yake baina ya Magharibi na saa 6 za usiku, kisha wakalala kipande kirefu zaidi.

Nije kwenye mkebe ulio juu ya kabati. Maziwa hayo si sumu, na wako akina mama wanaoyahitaji kwa sababu za kweli, kama vile ugonjwa mzito au mtoto aliyepoteza mama, na hao hawana la kuonea haya. Lakini kwako wewe, kila chupa utakayompa jioni ni mara moja ambayo titi halikunyonywa, na titi lisilonyonywa hupunguza kazi. Mtoto huyo atalala muda mrefu zaidi kwa sababu maziwa ya unga hukaa tumboni kuliko ya mama, nyumba nzima itasema, "Mwaona, alikuwa na njaa," na baada ya wiki mbili tatu za mtindo huo maziwa yako yatakuwa yamepungua kwelikweli, na ule uvumi utakuwa umegeuka kuwa kweli. Kuna pia suala la maji. Unga ule haukusafishwa kwa kiwango cha kuua vijidudu vyote, na hutakiwa kuchanganywa na maji yaliyochemshwa yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto, pamoja na chupa iliyochemshwa kila mara. Na sote twajua kuwa baadhi ya visima vya mji wa Lamu vina chumvi, ambayo kuchemsha hakuiondoi na figo za mtoto mchanga haziiwezi. Kenya ina sheria tangu mwaka 2012 inayokataza kuyatangaza maziwa hayo kwa wazazi, na haikutungwa bure. Uache mkebe ulivyo. Ikiwa duka litakubali kuurudisha, itakuwa heri kwa mfuko wa mumeo.

Chuchu iliyopasuka ndiyo iliyonishughulisha zaidi katika barua yako, ingawa umeitaja kwa sentensi moja. Kunyonyesha hakupaswi kuuma hivyo. Uchungu wa sekunde chache mtoto anaposhika waweza kuvumilika wiki za mwanzo, lakini ukiendelea, na chuchu ikitoka kinywani imebonyea upande au ina msitari mweupe, maana yake ni kuwa mtoto ameshika ncha peke yake, anaibana baina ya ufizi na kaakaa, na maziwa hayamtoki mama ipasavyo. Mtoto kama huyo huachia mara kwa mara, hukasirika na kurudi tena, na huenda hilo likawa linaongeza machachari ya jioni upande wa kushoto.

Fanya hivi. Keti ukiwa umeegemea, mgongo wako ukiwa umetulia, na miguu iwe juu ya kigoda ili usiiname. Ni mtoto anayeletwa kwenye titi, titi halipelekwi kwa mtoto. Mlaze ubavu, tumbo lake liguse tumbo lako, na sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja, kwa sababu mtoto aliyegeuza shingo hawezi kumeza vizuri, kama ambavyo wewe huwezi kunywa maji ukiwa umetazama nyuma ya bega lako. Mshike mgongoni na chini ya shingo, usimsukume kisogo. Pua yake iwe mkabala na chuchu, iguse mdomo wake wa juu, kisha ungoje. Watu wengi huharakisha hapa, wakaingiza chuchu kwenye kinywa kilichofunguka nusu. Kinywa kikifunguka wazi kabisa, mvute karibu kwa mwendo mmoja wa haraka, kidevu kitangulie kugusa titi. Akishika sawasawa, mdomo wake wa chini utakuwa umepinduka nje, mashavu yatakuwa yamejaa bila kubonyea, na sehemu nyeusi ya titi itaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Atanyonya haraka haraka mwanzoni, kisha polepole na kwa nguvu, akitua na kumeza, nawe utasikia akimeza. Ikiuma, usivumilie: ingiza kidole kidogo safi pembeni mwa kinywa chake, aachie, muanze upya, hata kama ni mara nne. Anza na titi la kulia kwa siku mbili tatu, maana mtoto mwenye njaa kali huvuta kwa nguvu, lakini usiache kabisa la kushoto, lisije likajaa na kuziba. Baada ya kunyonyesha, kamua matone machache ya maziwa yako, yapake kwenye mpasuko na uyaache yakauke. Ikiwa baada ya siku chache bado inauma licha ya yote haya, muuguzi atazame ndani ya kinywa cha mtoto, kwa kuwa wapo wachache ambao ulimi wao umefungwa kwa kamba fupi chini yake. Na ikitokea ukapata homa pamoja na titi jekundu, gumu na lenye joto, hospitali siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kunyonyesha.

Kwa upande wa jioni yenyewe, kazi yake huanza alasiri. Baada ya swala ya Alasiri mnyonyeshe, mpe mavyaa mtoto, nawe ukalale, hata kama ni saa moja tu. Usitumie saa hiyo kufua. Usingoje mpaka alie ndipo umpe titi. Anapoanza kugeuza kichwa huku na huku, kulamba midomo na kupeleka ngumi kinywani, huo ndio wakati wake, kwa sababu mtoto aliyekwisha kulia sana ulimi wake huwa umepanda juu na hawezi kushika hata akiwekewa titi mdomoni. Akifikia hapo, mtulize kwanza: mvue abaki na nepi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike leso moja nyepesi mgongoni, tembea naye taratibu au mwimbie kwa sauti ya chini. Mwachie titi moja mpaka aliache mwenyewe kabla ya kumpa la pili, kwa kuwa maziwa ya mwisho yana mafuta mengi zaidi. Kisha asimamishwe begani abeue. Asipobeua baada ya dakika chache, hana cha kubeua.

Uangalie pia joto. Kaskazi inapovuma, nyumba zetu za mawe huhifadhi joto la mchana hadi usiku, na nimewaona watoto waliovishwa kofia, soksi na leso tatu ndani ya chumba kisicho na upepo, wanalia, na kila mtu anatafuta ugonjwa. Mguse shingoni nyuma. Akiwa ana jasho, mpunguzie nguo, au mwogeshe kwa maji ya vuguvugu kabla ya Magharibi. Maji ya kunywa hayahitaji, hata katika joto hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maziwa yako, karibu asilimia 88, ni maji.

Kuhusu dawa na ada zilizotajwa, nitasema kwa ufupi. Asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Dawa ya tumbo haina uthibitisho wa kutuliza kilio hiki, iache. Maji ya sukari ya siku ya tatu yamepita, yasirudiwe. Mvuje siupigi vita, ila uondoe mkononi kabla hajafika wakati wa kutia kila kitu kinywani, na kamba yoyote isifungwe shingoni. Atakayekuja na shauri la kumkata mtoto kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, mkatalie bila kuona haya. Uwatu unywe ikiwa waupenda, bali kinachoongeza maziwa ni kunyonya, pamoja na wewe kula na kunywa vya kutosha. Kahawa punguza, maana vikombe vingi humfikia mtoto.

Sasa mavyaa. Huyu si adui yako, na barua yako mwenyewe yaonyesha hivyo. Ni mwanamke anayemsikia mjukuu wake akilia na ambaye, katika mpango wa sasa, hana la kufanya ila kutazama mkebe, kwa sababu chupa ndicho kitu pekee ambacho mtu asiye mama anaweza kumpa mtoto. Mpe kazi nyingine. Mwambie, "Mama, muuguzi amesema mtoto asipewe kitu ila titi mpaka miezi 6, na mimi peke yangu siwezi, naomba kila akimaliza kunyonya umbebe wewe, kwa kuwa kwako hutulia." Na kweli mara nyingi hutulia, kwa sababu bibi hana harufu ya maziwa inayomkumbusha kunyonya, na mikono iliyolea watoto sita haitetemeki. Maneno mazito ya kitabibu mwachie muuguzi ayaseme mbele yenu nyote siku ya kupima. Na kwa kuwa nyumba yenu ni nyumba ya dini, Surat al-Baqara, aya ya 233, inawataja akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na aya hiyo hiyo inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama, na inataja kuachisha ziwa kwa kuridhiana na kushauriana baina ya wazazi wawili. Mumeo aisome mpaka mwisho. "Fanya asemavyo mama" si ushauri baina ya wazazi wawili. Naelewa kuwa nahodha mwenye usingizi ni hatari kwa abiria wake, na simtaki akeshe. Lakini baina ya kurudi kwake na Isha anaweza kumbeba mtoto barazani, na ndiye anayepaswa kumwambia mamake kuwa yeye na mkewe wamekubaliana juu ya jambo hili.

Mtoto akilala, alazwe chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala nguo zilizorundikwa, ndani ya chandarua, karibu na kitanda chako. Usikae naye kwenye kochi usiku ukiwa umechoka, maana usingizi ukikuchukua hapo aweza kubanwa akakosa pumzi. Ni afadhali umnyonyeshe ukiwa umelala ubavu kitandani, mito ikiwa imeondolewa, kisha umrudishe mahali pake. Na siku ambayo kilio kitakupanda kichwani ukahisi hasira, mlaze chali mahali salama, toka uani, unywe maji, kisha urudi. Kulia kwa dakika tano hakumdhuru mtoto. Kutikiswa kwa nguvu kwaweza kumharibu ubongo au kumuua.

Yote niliyosema yanamhusu mtoto anayelia jioni na kunyonya vizuri saa nyingine. Akikataa kunyonya au akawa mlegevu hata kuamshwa ni shida, akapata degedege, akapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikawa kinabonyea anapovuta pumzi, joto lake likafika nyuzi 37.5 au likashuka chini ya 35.5, akatapika kijani, utosi ukavimba, kitovu kikatoa usaha, au viganja na nyayo zikawa za manjano, hapo hakuna kungoja asubuhi wala dawa ya nyumbani. Nyinyi wa Mkomani hospitali ya King Fahd iko karibu. Wasomaji wetu wa Siyu, Pate na Kizingitini, ambao safari yao ya kuja Lamu hutegemea maji ya mkondo wa Mkanda yamejaa au yamekupwa, waanzie hospitali ya Faza, na waondoke mapema mtoto angali na nguvu.

Mwisho ni machozi yako ya alasiri. Kulia bila sababu siku kumi za mwanzo hutokea kwa wanawake wengi na hupita kwenyewe. Wewe umeshapita hapo. Huenda ni uchovu tu, na usingizi wa alasiri pamoja na chuchu isiyouma vitakuondolea, lakini ikiwa huzuni hiyo inakujia siku nyingi, huna hamu ya chakula, hupati usingizi hata mtoto anapolala, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika, unawapata wake za watu wema na wacha Mungu, na haufichwi. Siku ya kupima uzito mweleze muuguzi habari hii pia, kwa faragha, hata kabla hajamweka mtoto kwenye mizani. Na hayo mawazo ya kudhuru yakikujia, usingoje siku hiyo, mwamshe mumeo wakati ule ule akupeleke hospitali.